Vidole Viwili vya Akiba

Mimi ni fundi cherehani, na sijisifu bure: nipe kitambaa na siku tatu, utatoka dukani kwangu umependeza mpaka majirani wachungulie. Kule jimu wananiita Nondo. Jina hilo nalo sikujipa mwenyewe. Nimelipata kwa jasho, miaka mitatu, tangu siku nilipoingia mle kutafuta dawa ya mgongo uliochoka kuinamia mashine, nikatoka nimependa chuma. Wanaume wawili walicheka siku ile ya kwanza. Siku hizi wakitaka kuinua uzito mkubwa wananiita nisimame nyuma yao, wasije wakafa.

Nayasema haya mapema ili usidhani hii ni hadithi ya mwanamke aliyejuta akauza vyuma vyake. Thubutu! Chuma siachi. Ila kuna miezi minne nilifanya upuuzi, na upuuzi huo nusura umharibie mdogo wangu harusi yake.

Mdogo wangu ni nesi. Tumepishana mwaka mmoja na kidogo, na tangu utotoni tulikuwa mwili mmoja: viatu vyake vyangu, sketi yangu yake. Mama, ambaye ndiye aliyenifundisha kushona, hakuwahi kupoteza muda kutupima wote wawili. Alimshika aliyekuwa karibu, basi. Macho yake yalipochoka alinikabidhi duka pamoja na daftari lake la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake mle, kasoro mdogo wangu. Yeye na mimi tuna ukurasa mmoja, na juu yake Mama ameandika "Mabinti".

Basi nguo zake zote nimezishona hivyo. Nakata kwa vipimo vya "Mabinti", naunga, navaa mwenyewe mbele ya kioo, nachomeka pini pale pasipokaa sawa, namaliza. Yeye anakuja kuchukua tu akitoka zamu. Hajawahi kurudisha hata moja.

Aliponiambia anaolewa na tarehe ni Jumapili fulani, nilipiga hesabu nikaona mambo mteremko. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo nilikuwa na mashindano ya kutunisha misuli, mji mwingine, mwendo wa saa nne. Naondoka Ijumaa, napanda jukwaani Jumamosi, narudi, Jumapili nimekaa mstari wa mbele na kombe mapajani. Kocha alikuwa amenihakikishia kwamba nafasi ya tatu ninayo, na ya kwanza inawezekana nikijikausha vizuri.

Kwa asiyejua, kujikausha ni kuyamaliza mafuta ya chini ya ngozi mpaka kila msuli uonekane umechorwa. Miezi minne nilikula ute wa mayai, kuku asiye na chumvi, na majani. Wali niliunusa tu ukipikwa kwa jirani. Siku za mwisho unapunguza hadi maji. Kila asubuhi nilijipima kwa futi yangu ya kazi na kuandika kwa chaki nyuma ya mlango wa duka: kiuno sabini na nne, sabini na moja, sitini na tisa, sitini na sita. Mabega nayo yakipanda. Nilikuwa nasimama pale natabasamu peke yangu kama mwehu.

Vingine vilivyokuwa vikipungua sikuviandika. Siku shemeji alipoletwa nyumbani kwa Mama kujitambulisha, nilikaa dakika ishirini na kopo langu la kuku, nikaaga kwamba nina mazoezi. Wateja nilianza kuwafokea. Mmoja aliniuliza tu suruali yake itakuwa tayari lini, nikamjibu maneno ambayo mpaka leo nikimwona nabadilisha njia. Siku zangu za mwezi zilikatika, nami nikaona heri, usumbufu umepungua. Hilo sikumwambia mtu.

Katika hali hiyo ndipo niliposhona gauni la harusi. Nililikata kwa ukurasa wa "Mabinti", na hapo sikukosea. Kisha nikalivaa mbele ya kioo, kama kawaida yangu. Kiuno kikapwaya. Mabega yakabana. Nikasema, lo, mkono wangu umezeeka huu, nimekataje hivi? Nikabana kiuno pande zote mbili, nikafumua mabega, nikaongeza kipande, nikalirudiarudia mpaka likanikaa kama ngozi. Nikajigeuza kushoto na kulia. Nilipendeza, mwenzangu, acha tu!

Mtu anayekijua kiuno chake kwa nusu sentimita, namba zake ziko mlangoni hatua mbili kutoka alipo, na bado haimjii akilini kwamba kiuno hicho si cha bibi harusi. Njaa ina kazi yake kichwani.

Alhamisi saa nane mchana mdogo wangu akaja kulijaribu, ameongozana na Mama. Akaingia nyuma ya pazia anaimba. Baada ya dakika mbili hakuimba tena.

"Dada," akaita. "Zipu haipandi."

"Vuta tumbo."

"Nimelivuta mpaka limegusa mgongo."

Nikafungua pazia. Huku kiunoni zipu imekwama, nyama imebanwa imekuwa nyekundu. Huku juu mabega yamesimama mbali na mwili wake, kama amevaa koti la baba mtu. Alijitazama kwenye kioo, kwanza akacheka. Kisha kicheko kikakatika, akakaa chini na gauni lake lote, akalia.

"Harusi imebaki siku tatu," alisema. "Yaani Jumapili, dada!"

 Mama alimsogelea, akampapasa begani, kiunoni, halafu akaja kunipapasa mimi begani. Macho hayaoni vizuri lakini vidole vya Mama vinaona.

"Umemshonea nani gauni hili?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikageuka nikatazama zile namba mlangoni.

Lakini mimi si mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Nikamwambia mdogo wangu avue, nifumue sasa hivi, kesho mchana niwe nimemaliza, jioni nisafiri. Nikachukua sindano nitunge uzi. Uzi ukapita kushoto. Nikaulowesha mate, ukapita kulia. Mate yenyewe hayapo, mdomo mkavu kama chaki. Mikono ilikuwa inatetemeka, na kadiri nilivyoikazania ndivyo ilivyozidi. Nikasema basi ngoja nisogeze cherehani dirishani nipate mwanga. Cherehani ile ni ya chuma cha zamani, na mimi huwa naiinua kwa mkono mmoja huku naongea na wateja. Nikaishika, nikaivuta, ikanyanyuka kidogo, ikarudi chini kwa kishindo. Macho yakaona giza, nikashika meza.

"Misuli yote hiyo," mdogo wangu alisema, machozi bado yapo mashavuni, "na huwezi kuinua cherehani?"

"Niko sawa."

"Kaa."

"Nimesema niko..."

"Dada, kaa!"

Sijawahi kumsikia akiniamuru. Nikakaa. Akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akahesabu kimya. Akanivuta kope la chini. Akafinya ngozi ya mkono wangu, akaangalia inavyochelewa kurudi.

"Umekunywa maji lini?"

"Asubuhi. Vijiko."

"Mkojo wako rangi gani?"

"Wewe! Mama yupo hapa."

"Mama alikubadilisha nepi. Rangi gani?"

Nikamwambia. Akauliza tena, taratibu zaidi, siku zangu nimeziona lini mara ya mwisho. Nikatazama sakafu. Mama akaacha kukunja kitambaa alichokuwa amekishika.

"Gauni la kuazima nitapata," mdogo wangu akasema. "Mwenzangu wa wodini analo, nitaolewa nalo na maisha yataendelea. Dada wa kuazima nitampata wapi?"

Niliumia, nisifiche. Niliumia kuliko ningepigwa kofi. Miezi minne watu wote walikuwa wakiniambia nimekonda, nami nawaona wana wivu. Huyu hakuniambia nimekonda. Alinishika mkono tu, hakuuachia.

Mama akalivuta gauni mapajani mwake, akaligeuza ndani nje, akapitisha vidole kwenye mshono wa kiuno.

"Umeacha vidole viwili," akasema.

Nikaruka kwenda kuangalia. Kweli! Huo ndio ulikuwa ukali wa Mama tangu nikiwa msichana: kila mshono, acha upana wa vidole viwili ndani, maana mwili wa mtu haukai mahali pamoja. Ukikata akiba alikuwa anakuchapa na futi. Kichwani mwangu sikuwa na akiba yoyote siku zile, nilikata chakula, nikakata usingizi, nikakata ndugu. Ila mkono wangu ulikuwa umefundishwa na Mama, na mkono haukusikiliza upuuzi wa kichwa. Gauni lilikuwa linaokoleka. Linachohitaji ni fundi mwenye mikono iliyotulia na siku mbili nzima.

Siku mbili nzima. Ijumaa na Jumamosi.

Nilijipa muda wa kuvuta pumzi tatu. Kisha nikanywa glasi ya maji. Nikanywa na ya pili. Mama alikwenda kwa jirani akarudi na sahani ya wali na mchuzi, nami nikala polepole, mdogo wangu ananisimamia kama mgonjwa wake, anaogopa nitapike. Sikutapika. Niliramba kijiko. Baadaye nikampigia kocha.

"Miezi minne, Nondo!" alipiga kelele mpaka Mama akasikia. "Unajua glasi moja ya maji sasa hivi inaharibu nini?"

"Nimeshakunywa mbili. Na wali."

Nikamuuliza kama mwezi wa kumi na moja kuna mashindano mengine. Akasema yapo.

"Basi niandike," nikamwambia. "Ila maji nitakunywa, siku zangu zisipoonekana tunapunguza mazoezi, na Jumapili ni ya nyumbani. Ukinitaka hivyo, nipo."

"Hivyo hushindi."

"Basi watu watakuja kumtazama mshindwa mzuri kuliko wote."

Akacheka, hakutaka lakini akacheka. Nikakata simu, nikachukua futi, nikamwambia mdogo wangu asimame wima.

Sikuwahi kumpima. Miaka yote hiyo, mteja wangu wa kwanza kabisa, na futi yangu haikuwahi kumgusa. Kumbe bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Nikamuuliza kwa nini.

"Kuinua wagonjwa," akasema. "Miaka saba, upande uleule."

Nguo zangu zote alizovaa zilikuwa zinamteremka upande ule, na hakuwahi kusema, alikuwa anazivuta tu juu. Niliinama nikajifanya natafuta chaki, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa. Kisha nikafungua daftari la Mama, nikampa ukurasa wake peke yake. Na ule wa "Mabinti" nikaufuta jina, nikaandika langu.

Ijumaa nikafumua. Jumamosi nikaunga, nikabana mabega, lile la kulia nikalipandisha kwa ndani ili lisionekane. Saa kumi jioni, wakati wenzangu wanapakwa mafuta nyuma ya jukwaa, mimi napiga pasi pindo. Iliniuma, nisiseme uongo. Nilimwaza yule aliyesimama mahali pangu, nikamtukana kidogo moyoni, nikaendelea kupiga pasi.

Jumapili kukapambazuka na mvua. Ilikatika saa nne, lakini ua wa ukumbi ulikuwa umegeuka ziwa la tope. Gari la bibi harusi likasimama getini, haliwezi kuingia. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua kama arobaini, na mlangoni shemeji amesimama, ameshika kichwa. Gauni jeupe, pindo refu, nimelishona mimi mwenyewe kwa mkono, na chini ni tope la kufika kwenye vifundo. Wanaume wakaanza mkutano. Mmoja akasema ziletwe mbao. Mwingine akasema matofali. Wa tatu anampigia mtu simu kuhusu zulia.

Nikavua viatu, nikampa Mama.

"Ninyi endeleeni na kikao," nikawaambia.

Nikafungua mlango wa gari, nikaingiza mkono mmoja chini ya magoti ya mdogo wangu, mwingine mgongoni, nikakusanya pindo lote nikalilaza tumboni mwake. Nikakaza nyayo. Nikainuka naye. Mishono ya mabega ya gauni langu ikalia, lakini haikuachia. Ilikuwa na akiba yake. Watu wakapiga vigelegele, shemeji kule mlangoni amebaki mdomo wazi. Tope likanipanda mpaka kwenye vigimbi vya miguu, na mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

Katikati ya ua, mdogo wangu akanikumbatia shingo kwa nguvu.

"Dada," akaninong'oneza, "usije ukaniangusha."

"Tulia," nikamwambia. "Nimekula."