Kikombe cha Kumi na Tatu

Kama kuna kazi niliyoifanya vizuri mwaka ule, ni kuandika watu wengine. Nilijua nani akisema "kwa ufupi" mtakaa robo saa, nani huomba radhi kabla ya kutukana, na nani hupiga meza kwanza ndipo atafute hoja. Yote niliyaweka kwenye karatasi kwa lugha ya adabu. Mtu akisema "huo ni upuuzi mtupu", mimi naandika "mjumbe hakuridhika".

Tulikuwa wahitimu sita, tuliochaguliwa kwenye mpango wa mwaka mmoja wa kujifunza utawala wa chuo kikuu cha umma. Siku ya kwanza tulipigwa picha kwenye ngazi za jengo la utawala, tukapewa kila mmoja kalamu yenye nembo ya chuo, tukatawanywa. Mmoja mabweni, mwingine udahili, mwingine maktaba. Mimi niliangukia kwa Naibu Msajili, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Ratiba na Vyumba. Hiyo ndiyo kamati inayoamua nani afundishe wapi na saa ngapi, na kama unadhani wasomi hawawezi kununiana miezi sita kwa sababu ya chumba chenye feni nzima, hujakaa nao.

Wajumbe walikuwa kumi na wawili, katibu akiwemo. Walikaa kwenye meza ndefu. Mimi nilikaa dirishani, kwenye kimeza kilichokuwa cha projekta kabla projekta haijafa. Naibu Msajili aliingia kikao cha kwanza, akafungua faili, akakaa dakika kumi, akaniinamia.

"Endelea kuandika. Nakuja."

Hakuja. Kesho yake nilimpelekea rasimu ya kumbukumbu za kikao. Kwenye orodha ya waliohudhuria nilikuwa nimejiandika mwishoni kabisa, baada ya wajumbe, kwa herufi zilezile kama wao. Akalikata jina langu kwa kalamu nyekundu.

"Kalamu haijiandiki," akasema. "Katibu ni mimi. Niweke mimi."

Nikamweka yeye. Nilikuwa mgeni, na mgeni haulizi chumvi iko wapi. Vikao kumi na vinane nilimwandika kuwa amehudhuria, na vikao kumi na vinane kiti chake kilibaki kinatazamana na mimi. Hata fomu ya chai niliijaza hivyohivyo: watu kumi na wawili. Kila kikao, saa nne, Mama Chai alipita na sinia lake, akagawa vikombe mezani, akaniwekea kimoja dirishani. Nikajua ni cha Naibu Msajili, kimekosa mnywaji. Nilikinywa bila kinyongo. Makombo ya wakubwa nayo ni riziki.

Kuhusu jina langu, nalo lilikuwa na historia yake fupi. Mwanzoni watu wa ofisi ya Naibu Msajili walisema "yule binti wa mpango". Baada ya mwezi ikabaki "Mpango" tu. Mpango, toa nakala. Mpango, funga hilo dirisha. Niliitika. Ofisini nilikaa chumba kimoja na mashine ya fotokopi, ambayo angalau ilikuwa na jina lake ubavuni. Nyumbani kwangu, yaani chumba kimoja juu ya duka la vioo, mwenye nyumba aliniita "wa juu". Na mama yangu, fundi cherehani aliyenishonea suti mbili za kuanzia kazi, alinipigia kila Jumapili na kuniita "mama", kama anavyoniita tangu nikiwa mtoto.

"Mama, wanakuitaje huko?" aliniuliza siku moja.

"Afisa," nikamwambia.

Akacheka kwa furaha hadi nikasikia cherehani imesimama. Nilipokata simu nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alitamka jina langu. Ilikuwa ni daktari wa meno, siku arobaini na moja zilizopita, na alilisoma kwenye kadi.

Mwezi wangu wa kumi pale, mratibu wa mpango aliniita. Alikuwa mama mtaratibu, miwani yake ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Mbele yake kulikuwa na kumbukumbu zangu zote, zilizothibitishwa na kutiwa sahihi.

"Ili uhitimu tunahitaji uwe umehudhuria vikao kumi na vitano vya kamati moja," akasema. "Sikuoni hata kimoja."

"Lakini ni mimi niliyeziandika!"

"Imeandikwa wapi?"

Wenzangu watano, akaniambia, walijiandika wote, sehemu ya waalikwa. Kumbukumbu zikishathibitishwa hazirekebishwi na mtu. Zinarekebishwa na kamati yenyewe, kikaoni, mjumbe mmoja akisimama kusema zina kosa. Muda wangu, ukitoa likizo ndefu, ulikuwa umebakiza kikao kimoja.

"Binti yangu, asiyekuwepo na lake halipo," akasema, na hakusema kwa ubaya.

Bila cheti cha mpango, nisingeitwa kwenye usaili wa nafasi za maafisa tawala wasaidizi. Bila usaili ningerudi kwenye kochi la kaka yangu, ambalo wifi alilitandika kitambaa kipya siku ileile niliyoondoka, tena kabla sijafika kituoni. Na mama angelazimika kuwaeleza wateja wake yule afisa amekuwaje.

Nilimwendea Naibu Msajili. Hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Unataka niseme nini? Kwamba sikuwepo?" Basi nikamwandikia mwenyekiti moja kwa moja, na mwenyekiti, profesa wa jiolojia asiyependa maneno mengi, akaliweka jambo langu kwenye agenda ya tatu.

Sikuogopa sana. Nilikuwa na tegemeo langu moja: mhadhiri mzee wa hisabati, ambaye chuo kizima kilimwita Mzee wa Nukta. Kila baada ya kikao alirudisha kumbukumbu zikiwa na vikaratasi: hapa mkato, hapa nukta, neno hili mara mbili. Miezi kumi nilimjibu vikaratasi vyake kwa unyenyekevu, na kusema kweli vilikuwa ndizo barua pekee nilizopata. Nilivihifadhi kwenye droo. Nikasema moyoni, huyu ananijua.

Siku ya kikao walijaa wote, kwa kuwa vyumba vya jengo jipya vilikuwa vinagawiwa na hakuna aliyetaka kugawiwa akiwa hayupo. Naibu Msajili naye alikuja, akakaa, na safari hii hakuinuka. Nilikaa dirishani na kalamu yangu. Kwa maana hata siku ya kesi yangu, mwandishi alikuwa mimi.

Agenda ya tatu ikafika. Mwenyekiti akasoma ombi langu kwa sauti ya kusoma hali ya hewa.

"Katibu, unasemaje?"

"Kumbukumbu ziko sahihi kama zilivyo," Naibu Msajili akasema. "Mimi ndiye katibu, nimeandikwa, nimetia sahihi. Huyu kijana alikuwa akinisaidia kuchapa, ofisini."

Kuchapa, ofisini. Nikaliandika hilo pia.

"Kuna mjumbe anayekumbuka kumwona humu ndani?" mwenyekiti akauliza.

Mkuu wa idara ya sheria akasoma simu yake. Mama wa uuguzi akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mkoba, akakosa. Nikamtazama Mzee wa Nukta. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Siwezi kusema uongo," akasema. "Kumbukumbu nzuri nazikumbuka. Mwandishi simkumbuki. Nilidhani ni katibu, nikashangaa tu jinsi uandishi wake ulivyoimarika."

Wawili watatu wakacheka. Mimi nikaandika: *Mwenyekiti aliuliza kama yupo mjumbe anayekumbuka. Hakuna aliyethibitisha.* Mwandiko ukatoka mbaya, mbaya kweli. Niliona aibu, kisha hasira, na chini ya vyote hivyo upweke ambao sikuwahi kuujua hata kwenye kile chumba cha juu ya duka la vioo. Kule nilikuwa peke yangu kwa sababu hapakuwa na mtu.

Mlango ukasukumwa kwa goti. Saa nne. Mama Chai akaingia na sinia, akaanza kuzunguka meza kama siku zote, kikombe kwa kikombe, hata mmoja asimtazame. Alipomwekea Naibu Msajili cha kwake, alimaliza meza nzima, na kwenye sinia kikabaki kimoja. Akaja nacho dirishani, akakiweka mbele yangu, mkono wa kikombe ukielekea kulia kwangu.

"Samahani mwenyekiti," akasema akifuta sinia kwa kitambaa. "Fomu ilisema kumi na wawili, ila nimeongeza kimoja. Nilichungulia mlangoni nikaona leo Naibu Msajili amebaki. Siku nyingine chake anakunywa huyu binti."

Mikono iliyokuwa ikifikia vikombe ikasimama hewani. Mama Chai alitutazama mmoja mmoja, akadhani tatizo ni sukari.

"Siku nyingine zipi, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Zote," akasema. "Anakaa hapa hapa. Si ndiye anayeandika?"

Mzee wa Nukta alianza kucheka kimyakimya, mabega tu, hadi akakohoa. "Njia ya mwongo," akasema, na hakumalizia, kwa sababu kila mtu alimalizia mwenyewe. Naibu Msajili alikuwa akikoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Napendekeza zirekebishwe," Mzee wa Nukta akasema. "Zote kumi na nane."

"Zirekebishwe," mwenyekiti akasema. "Agenda ya nne. Jengo jipya."

Basi. Dakika ile ile wakaanza kugombania chumba cha ghorofa ya pili, na mimi nikarudi kuwa kalamu. Nilikuwa nimeshinda, na hakuna aliyegeuka kuniangalia. Cheti kilikuwa changu, usaili ulikuwa wangu, na ile chai niliinywa nusu, nikaiacha.

Mchana nilikaa pembeni ya fotokopi nikaziandika kumbukumbu zangu za mwisho. Nilijiandika mwenyewe kwenye waalikwa, majina yangu yote, nikayaangalia kwa muda. Kisha nikashuka agenda ya tatu. *Kamati iliridhika kwamba mhusika alihudhuria, baada ya maelezo yaliyotolewa na*

Nikasimama hapo.

Nilijua majina matatu ya kila mjumbe, na shahada zao, na nani asiandikwe "Daktari" kwa sababu ameshakuwa Profesa Mshiriki na atanuna. Mwanamke aliyeniwekea kikombe mbele yangu kwa miezi kumi nilimjua kwa sinia lake. Sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nimekaa dirishani nikiwalaani kumi na wawili kwa dhambi ambayo nami nilikuwa nikiifanya kila saa nne kamili, huku nikisema asante.

Nikachukua kalamu na karatasi, nikashuka.

Jiko la chai liko chini ya ngazi. Alikuwa amevigeuza vikombe kwenye taulo na kukaa juu ya ndoo iliyofunikwa, viatu amevua. Aliponiona na karatasi alisimama haraka.

"Nimeharibu, eh? Nilijua tu. Nilivyoona wamenyamaza vile."

"Hujaharibu, mama. Umeniokoa." Nikaona haya kuuliza, nikauliza. "Naomba jina lako. Nataka kukuandika."

"Jina langu la nini, mwanangu?" Macho yake yalikuwa kwenye karatasi. "Miaka kumi na minane nipo hapa, anayekuja na karatasi anakuja na lawama."

Nikamsomea sentensi yangu, ile iliyokosa mwisho. Akanisikiliza, akaomba nimsomee tena. Kisha akanitajia majina yake matatu, la mwisho mara mbili, kwa sababu watu hulikosea. Niliandika nikiegemeza karatasi kwenye friji. Nikamwonyesha. Akalifuata kwa kidole herufi kwa herufi, akasema hapo ni sawa.

Kumbukumbu hizo zitathibitishwa kikao kijacho, na mimi sitakuwepo. Sijui kama kuna kalamu nyekundu itakayolikata. Nilimwambia hivyo, akainua bega, akanimiminia chai, akaniambia nikae kwenye ndoo.

"Na wewe?" akauliza. "Mimi nakujua wa dirishani tu. Unaitwa nani?"

Sikutegemea kulia kwa swali dogo kiasi hicho. Nilipoweza, nikamtajia. Akalirudia jina langu polepole, akalipatia mara ya kwanza, akanisukumia kikombe.