Agnella Juu ya Dungu

Kocha Agnella alifika Mchombe asubuhi na mapema, akamkuta Siwema juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia mpunga, akirusha madongo na kupiga kelele. Fainali ya kikapu ilikuwa jioni ileile, Ifakara, na mchezaji wake bora alikuwa anapigana na kwelea.

“Shikamoo, kocha. Siwezi kuja,” Siwema alisema. “Mama ametoka kupasuliwa, hata kusimama ni shida, na tuko wawili tu. Ndege tukiwaachia jioni moja, mwaka huu tumelala njaa.”

Agnella hakubisha. Mkono wake mwenyewe, uliofunga kikapu cha ubingwa wa taifa, ulijifunzia madunguni humohumo. Watu wa mjini waliusifu kana kwamba umeshuka mbinguni. Kumbe ni mkono wa kufukuzia ndege! Alipoitwa Dar es Salaam kucheza, baba yake, mzee Telesphory, alimwambia nenda, akabaki na shamba peke yake, na pumu yake. Alikufa bila kumwona akicheza hata mara moja.

Msibani majirani walimsimulia kwamba siku ya fainali yake mzee alifukuza ndege kwa jina lake, “Agnella! Agnella!”, mpaka sauti ikamkauka. Watu walicheka. Agnella naye alicheka, kwa aibu. Goti lilipomharibikia, akarudi nyumbani kufundisha wasichana, na kicheko kile bado kilikuwa kinamuuma.

“Shuka,” alimwambia Siwema.

“Nani atalinda?”

“Mimi.”

“Kocha! Fainali yako ya kwanza tangu uanze kufundisha?”

“Msaidizi wangu Lukelo yupo. Benchi halifungi vikapu. Shuka, bodaboda inakungoja.”

Mama yake Siwema, Verediana, alijikongoja kutoka kibandani, akataka kushukuru, akaishia kulia.

Saa kumi jioni, muda wa mchezo kuanza, Agnella alikuwa juu ya dungu, simu haina mtandao. Alitamani kuwa uwanjani kuliko kitu chochote duniani. Ndipo kwelea wakaja, kundi zima, wakatua kwenye mpunga. Akarusha dongo. Akarusha jingine. Hawakujali.

Akasimama na goti lake bovu, akavuta pumzi.

“Siwema!” alipaza sauti, machozi yakimtoka. “Siwema! Siwema!”

Kundi likainuka. Katika shamba la jirani mtu akaangua kicheko. Agnella akaokota dongo jingine, akaita tena.