Ukuta wa Mgeni

Gari lilikwama mchangani kwa mara ya pili, na Rizuane akateremka kusukuma kabla hajaambiwa. Dereva alikuwa mtu wa Pemba, ule mji wa Msumbiji, hajauzoea mchanga wa huku, na kila alipokanyaga mafuta matairi yalizidi kujifukia. Profesora Laura naye aliteremka, akavua viatu, akaweka bega lake kando ya bega la kijana, wakasukuma hadi gari likatoka. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi za mbele, mwalimu wa uchoraji katika chuo cha sanaa Maputo, na kamera yake haikumtoka shingoni hata wakati wa kusukuma.

"Bado mbali?" aliuliza kwa Kireno.

"Pale kwenye minazi, profesora. Tumefika."

Alikuwa akisema "tumefika" tangu wanatoka Palma. Tusimcheke. Maisha yake yote alikuwa amechorea watu waliokuwa wakipita na ndoo kichwani, na leo mtu anakuja kutoka mbali kusimama tu na kutazama. Hata wewe ungekuwa umefika zamani.

Kule kijijini kwao Msangani, kukandika nyumba ni kazi ya wanawake. Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, hukusanyika kwa ujima, wakachimba udongo, wakaukanyaga, wakazipaka kuta upya kwa viganja, uwanja mzima ukanukia mvua. Rizuane alianza akiwa mtoto, kumkanyagia mama yake udongo, akawa anachora kwa kidole pembeni mwa mlango. Wenziwe walipokua wakakimbilia nyavu na pikipiki, yeye hakuacha. Walimwita bi harusi, wakamwuliza ataolewa lini. Alicheka nao, akaendelea kusaga mkaa. Nyekundu aliifuata mbali, njia ya kwenda Pundanhar, njano aliichimba korongoni, na vyote alivichanganya na utomvu wa mkorosho ili vishike. Mwaka ukigeuka, udongo mpya ulifunika picha za zamani, naye akaanza upya, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha ikapatikana gesi. Wakaja watu wenye kofia ngumu, ikafanyika mikutano, ikaelezwa kwamba Msangani itahama kupisha mitambo ya rasi ya Afungi. Nyumba zikahesabiwa, kila moja ikapigwa namba nyekundu ubavuni mwa mlango. Tangu siku hiyo wanawake waliacha kukandika. Nani anapamba kitu cha kubomolewa?

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, picha za Rizuane zilikaa. Ramadhani ikapita, ikapita na nyingine, hakuna mkono uliozifunika. Hapo ndipo alipoanza kuchora kweli. Alianza na ukuta wa mama yake, akahamia kwa shangazi, akazunguka uwanja wote hadi akarudi alikoanzia. Aliwachora wanawake wakishuka pwani maji yakitoka, vijiti mikononi, wakitafuta pweza mwambani. Aliuchora msikiti wa bati, na makaburi, na mbuzi wa maalimu anayekula nguo zilizoanikwa. Watu walikuja kujitafuta ukutani, na kila aliyejiona alilalamikia pua. Bi Cadija wa nyumba ya pili alidai aongezewe hereni, akaongezewa, akaenda zake ameridhika huku akijifanya bado amekasirika.

Profesora Laura aliijua habari hii kwa simu. Mwezi uliopita alifundisha wiki moja shuleni Palma, na Mamudo, rafiki wa Rizuane mwenye pikipiki, akamsogezea simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ilikuwa picha moja tu: mgongo wa mbuzi, wanawake wawili, ukungu. Profesora aliivuta kwa vidole mpaka ikawa madoa, akauliza nani aliyechora. Siku ile ile Rizuane akaitwa, akaelezwa kwamba chuo kina nafasi ya kijana mmoja wa kaskazini, atakayelipiwa kila kitu, na kwamba wachaguzi wanakutana Jumatatu baada ya Id ya kuchinja. Walitaka kuona kazi nzima, si ukungu. Profesora angekuja mwenyewe kuzipiga picha zile kuta.

Rizuane alimsimulia mama yake yote, mara mbili, na mara ya pili sauti ilimkatika. Hakuwa na tamaa ya jumba wala gari. Alitaka siku moja aulizwe kazi yake, ajibu "mchoraji", na aliyeuliza asicheke. Kisha akaenda Palma kulisubiri gari ili alionyeshe njia, akalala huko siku mbili.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Gari lilikuwa halijasimama, naye akaisikia dirishani, ile harufu ya mvua ilhali mbingu ni kavu, na moyo wake ukajua kabla ya macho.

Wanawake walikuwa wamejipanga uwanjani wakiimba, kapulana za Id, kama kanga, viunoni, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Nyuma yao nyumba zote zilikuwa nyeupe. Walikuwa wameukanda udongo na chokaa, wakazipaka kuta kwa uangalifu mpaka hapakuwa na ufa wala kovu. Hapakuwa na mwanamke, wala mwamba, wala mbuzi. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeachwa, namba nyekundu za kampuni. Wanawake walikuwa wamezizunguka kwa ncha za vidole, kwa sababu mikutanoni waliambiwa anayefuta namba asije akasema hakuhesabiwa.

Rizuane alitazama ukuta mmoja, akatazama wa pili, kama mtu anayepapasa mfuko ambao tayari anajua ni mtupu.

Zubeida, mama yake, alisogea mbele. Alikuwa mjane mwembamba, mwenye aibu mbele ya wageni, lakini siku ile alitembea ameinua kichwa. Alimkaribisha profesora kwa mikono yote miwili, halafu akamgeukia mwanawe.

"Hatujapumzika tangu juzi, baba. Zile za zamani mvua ilishazilamba, mbuzi wamejikunia. Ningempaje mgeni wako kiporo? Sasa ukuta ni safi. Akae, ale, kisha umchoree mpya, auone mkono wako."

Aliyasema kwa furaha ambayo Rizuane hakuwa ameiona usoni mwake tangu baba alipozikwa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wale wenye kofia waliiandika nyumba yake dhaifu, na yeye alisimama pale pale akisikia. Huyu hataandika hivyo.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu wa Msangani ambaye angefikiri vingine. Mgeni hupikiwa, hatolewi cha jana. Na picha kwao ilikuwa kitu cha mwaka, kinaliwa kikapikwa tena. Angekuwa mgeni wa mtu mwingine, Rizuane mwenyewe angeingia shimoni kukanyaga udongo.

"Ziko wapi?" profesora alimwuliza kwa Kireno, taratibu.

"Chini ya huo weupe."

Profesora aliukaribia ukuta wa Zubeida, akaugusa. Kidole kikazama. Wanawake wakacheka, wakamletea maji anawe. Hakuna picha inayokaa juu ya udongo mbichi, na ule usingekauka kabla ya siku tatu, ilhali dereva alikwishasema kwamba ataondoka kabla ya alasiri, halali njiani kwa ajili ya mtu yeyote.

Walijaribu karatasi. Profesora alitoa kitabu chake cha kuchorea na penseli, wakakaa kibarazani, na uwanja mzima ukasogea kumtazama kijana akichora. Lakini Rizuane alijifunza kuchora kwa bega zima, akipanda kwenye kinu, akishuka, akirudi nyuma hatua kadhaa na kusogea tena. Karatasi ilikuwa ndogo na penseli nyembamba. Alimchora mwanamke akishuka mwambani, akatoka mwanamke wa kawaida, wa kitabu cha shule, asiyekwenda popote. Akamfuta. Akamchora tena. Aliporudisha kitabu hakumtazama profesora.

Profesora alikifunga kitabu.

"Mimi nakuamini," alisema, bado kwa Kireno. "Ile ya kwenye simu niliiona. Lakini wachaguzi tuko watano, na wenzangu hawakuiona. Mwakani labda..."

Macho yake yalikuwa yamefika kwenye zile namba nyekundu. Mwakani ukuta utakuwa wapi? Nyumba mpya walizoahidiwa zilikuwa za bloku, na mtu mmoja mkutanoni alishauliza kuhusu kuchora, akajibiwa kwamba zitapakwa rangi moja.

Rizuane alikuwa na hasira, na ubaya wa hasira ile ni kwamba haikuwa na pa kwenda. Kila alikoigeuza ilikuta mikono myeupe ya watu waliompenda.

"Profesora, nakuomba kitu kimoja," alisema. "Mama asijue."

Profesora alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema vumbi. Kisha akala. Alipewa wali na pweza wa nazi, akala mpaka kitako cha sinia kikaonekana, akawapiga picha wanawake wote mbele ya kuta zao nyeupe, wakijipanga na kupangua, Bi Cadija akihakikisha hereni zake zinaonekana.

"Anasemaje?" Zubeida alimwuliza mwanawe kila profesora alipofungua kinywa.

"Anasema hajawahi kuona kuta nzuri hivi."

"Na chuo?"

"Watajibu, mama."

Wakati wa kuondoka, profesora alikuwa tayari ameshika mlango wa gari alipogeuka kwa mara ya mwisho. Aliuliza kama hakuna popote, kwa mtu yeyote, kwenye simu yoyote, picha nyingine ya zile kuta.

"Não há," Rizuane alijibu, yaani hakuna.

Hakujua kwamba mama yake yuko nyuma yake, amebeba kifurushi cha mihogo ya kuchoma kwa ajili ya safari. Zubeida hakujua Kireno. Lakini maneno hayo mawili aliyajua vizuri, na uwanja mzima uliyajua. Walipouliza mikutanoni kama huko wanakohamia kuna bahari karibu, kama kuna mwamba wa pweza, hayo ndiyo yaliyotoka kwanza, kabla mkalimani hajafungua mdomo. Alimtazama mwanawe kisogoni. Akamtazama mgeni machoni, akayaona mekundu. Kisha akampa kifurushi chake, akamtakia safari njema, akarudi ndani bila kumwuliza Rizuane tena profesora amesemaje.

Jioni ile walikula wali. Zubeida alisema mchele ulikuwa na mawe. Rizuane alisema hakuona mawe.

Asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, Rizuane aliamshwa na mkwaruzo. Alitoka akamkuta mama yake amechuchumaa mbele ya ukuta, ndoo pembeni, kitambaa mkono mmoja, kifuu cha nazi mkono wa pili. Alikuwa akiulowesha udongo mpya na kuukwangua kidogo kidogo, kwa upole, kama anayemwogesha mtoto mwenye kidonda. Alikuwa amefungua mahali pa ukubwa wa sinia. Ndani yake palionekana wekundu wa kapulana ya mtu, na juu yake mkono usio na kiwiko.

"Unajua kudanganya," alisema bila kugeuka. "Sikukufundisha mimi."

"Mama, acha."

"Zimo humu. Udongo wa zamani ni mgumu, huu ni laini. Nitaufikia tu, na tutampigia simu arudi."

Rizuane alichuchumaa kando yake. Alizijua rangi zake kuliko mtu yeyote. Mkaa na utomvu wa mkorosho huvumilia jua, huvumilia mkono wa mtoto, huvumilia mvua ya upande chini ya upenu, lakini kitambaa chenye maji havivumilii. Mbele ya macho yake ule mkono ulikuwa ukigeuka kijivu, ukiteremka, ukiingia mchangani. Zubeida aliona pia. Alikwangua polepole zaidi.

Mlango wa pili ulifunguliwa. Bi Cadija alitoka na mswaki mdomoni, akasimama, akatazama. Hakuna aliyemweleza kitu. Aliingia ndani, akatoka na kifuu chake na bakuli la maji, akachuchumaa mbele ya ukuta wake mwenyewe. Shangazi akafuata. Muda si muda mkwaruzo ulikuwa unatoka pande zote za uwanja, na wanawake wale wale, wakiwa bado na chokaa kwenye kucha, walikuwa wakizitafuta picha kwa maji.

Rizuane angeweza kuwaambia. Neno moja lilitosha, nao wangesimama, na kila mmoja angejua alichokifanya juzi na anachokifanya sasa. Alifungua mdomo. Mama yake alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, akichungulia ndani ya lile tundu, midomo ikitembea.

Zubeida alichovya kitambaa ndooni, kikagusa chini.

"Maji yameisha, baba," alisema. "Niletee mengine."

Rizuane aliichukua ndoo, akashika njia ya kisimani.