Uji wa Shemeji na Nguruwe wa Uchochoroni

Mganga Ludari alimwona yule nguruwe mweusi. Aligeuza punda wake pale pale uchochoroni akaondoka na mkoba wake wa dawa. Ilikuwa mara ya pili. Sisi watu wa mji wa Nipuri hatuna haja ya kuelezwa: mganga akiwa njiani kwenda kwa mgonjwa, kila akionacho ni kauli ya miungu. Nguruwe mweupe, mgonjwa atapona. Nguruwe mweusi, tandikeni mkeka wa maziko, na mganga asipoteze ubani wake.

Jirani yangu Belesunu alibaki mlangoni na shali yake nzuri aliyoivaa kumpokea mgeni. Ndani, mumewe Nuratu alikuwa akitetemeka kwa homa hata kitanda kikigonga ukuta.

"Umeona, mama?" akaniuliza.

"Nimeona nguruwe."

"Umeona mkono wa mtu!"

Mtu mwenyewe ni Ubaru, mdogo wake Nuratu, fundi wa kupaka mashua lami kule mferejini. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Nuratu akifa, nyumba inakwenda kwa Ubaru, na Belesunu anarudi kwao na nguo ya mwilini. Kwa hiyo kila Ubaru alichofanya kilikuwa na harufu. Akicheka, anafurahia msiba. Akinyamaza, anaupanga. Na kila asubuhi alileta chungu cha uji wa shayiri, wenye mafuta ya kondoo na vitunguu saumu. Belesunu aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa meno tu, na shemeji akishakata kona, akaumwaga mtaroni.

"Na kama hauna sumu?" nilimwuliza.

"Mwanamume anayepika bila kutumwa anataka kitu."

Hapo nilimkubalia. Mimi ni muuza pombe, nimezika waume wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua chungu kinakaaje jikoni.

Ludari akabembelezwa, akakubali kurudi mara moja tu. "Nikimwona tena yule mnyama," alisema, "msiniite hata mazikoni."

Asubuhi, siku moja kabla ya yeye kurudi, Belesunu alinijia macho yamemtoka. "Ni lami!"

"Lami gani?"

"Nguruwe! Si mweusi yule, amepakwa! Hukuona mikono ya Ubaru? Myeusi hadi viwikoni! Anampaka, kisha anamwachia njiani mganga akifika."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kibuyu cha mafuta ya ufuta na tambara, maana lami haitoki ila kwa mafuta.

"Twende tukamsugue, mama. Wewe una nguvu ya kubeba mitungi."

Tulimtafuta jalalani, hayupo. Tukamtafuta mferejini, hayupo. Tuliporudi tumechoka, tukamkuta mlangoni kwa Belesunu mwenyewe, pua ndani ya mtaro, mkia ukimcheza kama wa mbwa.

Nikamkalia shingoni. Belesunu akasugua. Nguruwe yule alipiga kelele za kuamsha wafu, nasi tukasugua mgongo, masikio, hadi kitambi. Chini ya weusi palikuwa na weusi mwingine.

"Mbona amenona hivi?" nikasema, kwa kuwa tumbo lake lilinijaa mikononi. "Kabla mumeo hajaugua ungeweza kuhesabu mbavu zake."

Belesunu akautazama mtaro. Shayiri ilikuwa bado imeganda pembeni, na mafuta ya kondoo yaking'aa juani.

"Dada," nikamwambia, "sumu hii ina lishe."

Akakaa chini polepole. Nilidhani atalia. Akasema, "Labda ni sumu ya watu tu. Nguruwe haimdhuru."

Kesho yake, siku ya mganga, Ubaru alipofika na chungu, Belesunu alimzuia kizingitini.

"Onja kwanza, shemeji."

Ubaru akamtazama. Akautazama mtaro. "Kumbe," alisema, basi. Akakaa kizingitini, akala nusu ya chungu mbele yetu, akafuta mdomo. "Chumvi haikutosha." Kisha akaingia ndani, akamwinua kaka yake kichwa, akamlisha kijiko kwa kijiko. Nuratu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akitema hata maji, akameza.

Belesunu alikuwa bado ameegemea ukuta, uso umemshuka, tuliposikia mkoromo nje. Nguruwe alikuja kufuata kifungua kinywa chake. Na kwenye kona ya uchochoro, kwato za punda.

"Mfukuze, mama!"

Nilimsukuma. Nilimpiga na ufagio. Mnyama aliyenenepeshwa kwa uji mzuri hasogei. Ndipo Ubaru akatoka mbio na mkeka, akamwangusha nguruwe ubavu, akalala juu yake na kujifunika pamoja naye, kichwa chake tu kikibaki nje, mashavu yamejaa tope.

Ludari akasimama. Mkeka ukakoroma.

"Nani anakoroma hapo?"

"Mimi, mzee wangu," alisema Ubaru. "Mafua."

"Mafua gani hayo?"

"Ya lami, mzee. Huziba pua."

Mkeka ukatikisika. Ludari akamgeukia Belesunu kwa jicho kali. "Mtu huyu ni nani, na kwa nini amelala njiani mwangu?"

Nilificha ufagio nyuma yangu. Neno moja tu, na Ubaru angeburutwa kwa makuhani kwa kumchezea mganga.

"Ni ndugu wa mume wangu," alisema Belesunu. "Nimemlaza hapo mimi. Amlinde kaka yake."

Ludari akahesabu kwa vidole. Katika ishara zote alizofunzwa tangu utoto, hapakuwa na ya mtu mwenye mafua mlangoni. Akainua kanzu yake, akamvuka, akaingia.

Alifukiza ubani, akamwita Gula, mungu wa kike wa tiba, na mbwa wake, akamfunga Nuratu dawa kifuani. Homa ikashuka. Belesunu anasema ni Gula. Ubaru anasema ni vitunguu saumu. Nuratu hasemi kitu, anakula.

Nguruwe bado huja kila asubuhi. Huutazama mtaro mkavu, humtazama Belesunu, kisha hunigeuzia mimi jicho la kunishuku, kama kwamba mimi ndiye ninayekula uji wake.