Seramiki Iliyoishia Kwenye Buti

Siku gari la mjomba liliporudi kutoka kwa fundi, nyumba nzima ilitolewa nje kulipokea. Mama alitoka na mwiko mkononi. Kitimbi, aliyefunga shule ya bweni juzi tu na ambaye bado alikuwa akiamka na kutandika kitanda kabla hajajua yuko wapi, alitoka na kipande cha mkate mdomoni. Mjomba akaamuru mkate ubaki barazani. Makombo, alisema, yana chumvi.

"Chumvi inafanya nini?" Mama aliuliza.

"Inakula rangi, dada."

"Si umesema hiyo dawa hailiki?"

"Hailiki. Lakini adabu ni muhimu."

Lilikuwa gari lile lile la siku zote, dogo, la bluu, lenye mlango wa nyuma usiofunguka mpaka ubembelezwe. Ila sasa ungeweza kuchania nywele kwenye boneti. Mjomba alilizunguka taratibu, mikono nyuma, kama kamanda anayekagua gwaride la askari mmoja.

Dawa yenyewe iliitwa seramiki. Kwa maelezo ya mjomba, yaliyotolewa kwa sauti ya mahubiri, ni majimaji yanayopakwa juu ya rangi ya gari. Yakishakauka huwa magumu kama kioo, na tangu hapo matope, utomvu wa miti na mavi ya ndege hayana tena pa kushika. Mvua ikinyesha, maji hukusanyika yenyewe, yakaomba radhi na kuondoka.

"Mdogo wangu," Mama alisema kwa huruma, "umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Umelipia kitu kisichoonekana."

"Hewa nayo haionekani, dada. Hebu acha kuivuta."

Kisha, ili kukata maneno, mjomba alitoa maka peni mfukoni, ile ya wino mweusi usiofutika, akachora mstari mrefu katikati ya boneti. Mama alishika kifua. Mjomba akatoa kitambaa laini, akapangusa, na mstari ukatoweka kana kwamba haukuwahi kuzaliwa.

"Gari zima liko hivyo?" Kitimbi aliuliza, kwa sauti ya mwanafunzi mwenye kiu ya elimu.

"Gari zima," mjomba alijibu, akakohoa kidogo.

Kitimbi hakukitilia maanani kile kikohozi. Na hapo ndipo alipokosea, maana mtu aliyewahi kuwasimamisha walimu wawili getini pa shule, na tai shingoni, wakimsubiri mgeni rasmi asiyekuwepo, alipaswa kukijua kikohozi cha uongo akikisikia.

Kupakwa kwa gari hakukuwa kwa urembo tu. Jumamosi mjomba alikuwa anakwenda stesheni kumpokea baba yake Nesi. Nesi alikuwa mchumba wa mjomba, na kweli ni nesi. Baba yake alikuwa mtahini mstaafu wa madereva, mzee ambaye kwa miaka mingi aliketi kiti cha pembeni akiwaandikia watu wazima sifuri huku wanalia. Mjomba mwenyewe alipitia mikononi mwake ujanani, akafelishwa kwa kosa la kutabasamu akirudi nyuma. Sasa alikuwa anarudi kwa mzee huyo huyo kuomba binti.

"Baba haangalii sura ya mtu," Nesi alikuwa amemwonya. "Anaangalia gari lake. Likimchukiza, hata chai hanywi."

Kwa hiyo nyumba ilijua kwamba Jumamosi ile mjomba angepata mke au angekosa, na kwamba jambo lenyewe lingeamuliwa na rangi ya gari.

Mtu mwingine angeliacha gari la watu. Kitimbi aliona hiyo ndiyo sababu ya kutoliacha. Mzaha wake ulikuwa safi, na ungemwacha mjomba anacheka mwenyewe: aandike kitu cha kutisha nyuma ya gari, amwite mjomba, amwache abadilike rangi usoni, kisha apanguse mara moja kama mchawi wa sarakasi. Seramiki ingesifiwa na jamaa wote.

Jumamosi asubuhi, mjomba akiwa bafuni anaimba, Kitimbi aliinama nyuma ya buti na maka peni. Aliandika kwa herufi kubwa, kwenye rangi, juu kidogo ya stika ya zamani iliyosema WEKA UMBALI:

MWENYE GARI ANATAFUTA MKE

Chini ya stika akaongeza, na kukoleza kwa kupitisha wino mara ya pili:

PIGA HONI

Akarudi hatua chache kuifurahia kazi yake. Kisha, kama fundi yeyote makini, akajaribu kufuta herufi moja kwanza.

Haikufutika.

Akatia mate. Akatia maji. Akatia sabuni ya vyombo, kisha dawa ya meno, ambayo bwenini inaaminika kutibu kila kitu tangu chunusi hadi viatu vyeupe. Wino ulitulia palepale, na sasa ulinukia mnanaa. Alikimbia mbele, akachora kidoti kwenye boneti, akapangusa: kikaenda. Akarudi nyuma: wapi! Basi mjomba ameibiwa, aliwaza. Fundi amepaka mbele, nyuma ameacha.

Kadi ya fundi ilikuwa juu ya dashibodi. Simu ya Mama ilikuwa dirishani mwa jikoni. Kitimbi akaviunganisha.

"Shikamoo fundi. Lile gari dogo la bluu. Mbona buti hukulipaka? Umemla mjomba wangu?"

"Marahaba," alijibu mwanamke mwenye sauti ya usingizi. "Nani huyu ananiita mwizi kabla sijanywa chai?"

"Mpwa wake."

"Ahaa! Mchoraji mwenyewe."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje nini? Sikiliza, mwanangu. Seramiki haifuniki mkwaruzo. Inafungia kilichopo. Ukipaka juu ya uchafu, umeuhifadhi uchafu. Ndiyo maana kabla ya kupaka nasugua rangi kwa mashine mpaka ilainike, na penye mkwaruzo mkubwa napiga msasa, naweka rangi upya. Nilipofika kwenye buti nikabandua ile stika. Mjomba wako akaja akasimama kati yangu na mashine. Hapo usiguse, anasema. Nikamwambia, kaka, kuna mkwaruzo hapa umefika kwenye bati. Akaniambia, huo si mkwaruzo, huyo ni mimi."

"Ni yeye?"

"Ndivyo alivyosema. Amechorwa na mpwa wake. Nikamrudishia stika yake kwa gundi, nikanyamaza. Haya, na wewe umeandika nini?"

"Nani kasema nimeandika?"

"Mtu hagundui buti halijapakwa mpaka kitu kigome kutoka. Chukua spiriti, kitambaa laini, usikandamize. Ukimaliza suuza vizuri."

"Spiriti hatuna."

"Manukato je? Yale makali ya wanaume. Yana spiriti tele."

Kitimbi alirudi nyuma ya gari, akabandua stika kwa ukucha, polepole. Chini yake alikuwepo mtu. Alikuwa na kichwa kikubwa kama tikiti, tabasamu lililovuka masikio, na mikono iliyofika chini. Miguu ilikuwa imesahauliwa.

Akamkumbuka. Alikuwa mdogo, hajaanza hata shule, gari likiwa jipya kwa mjomba, na yeye aliona ni vibaya gari lisiwe na picha ya mwenyewe. Akaokota msumari. Baadaye, aliposikia Mama akiuliza kwa ukali nani kafanya hivi, alijificha uvunguni akisubiri kiama. Kiama hakikuja. Alisikia tu sauti ya mjomba ikisema, "Nimekwaruza mwenyewe, dada, getini." Kesho yake kulikuwa na stika. Miaka yote hiyo Kitimbi aliamini kwamba rangi ilitengenezwa, na kwamba yeye alikuwa na bahati.

Sasa alisimama na stika mkononi, hana utani hata mmoja kichwani. Hali hiyo ilikuwa ngeni kwake, akaharakisha kuitafutia kazi. Alikimbilia chumbani kwa mjomba, akachukua chupa mpya ya manukato iliyonunuliwa kwa ajili ya siku hii, akaanza kupangusa. Mstari wa juu ulilegea, ukayeyuka, ukatoka. MKE akaondoka. ANATAFUTA akaondoka. Manukato yalikuwa yamefika nusu ya chupa aliposikia wimbo wa bafuni umekwisha na mlango umefunguliwa. PIGA HONI, iliyokolezwa mara mbili, ilikuwa bado inasomeka vizuri kabisa. Stika nayo ilikuwa imekauka gundi, haikubali kurudi.

Mjomba alitoka amevaa suti. Kitimbi akaegemea buti kama mtu anayepunga upepo.

"Mjomba, kuna kitu huku nyuma..."

"Leo hakuna nyuma, mpwa wangu. Leo ni mbele tu. Panda. Na mbona kunanukia kama harusi?"

Alipanda. Hakuwa na la kufanya.

Kwenda stesheni njia ilikuwa tupu. Kurudi, baba yake Nesi akiwa kiti cha mbele, mwembamba, mkanda ameufunga kabla hata mlango haujafungwa, magari yalikuwa mengi. Na la kwanza lililowafuata likapiga honi. Kisha la pili. Lori likapiga yake ndefu, ya huzuni, kama ng'ombe aliyeachwa nyuma.

"Kwa nini wanapiga honi?" mzee aliuliza.

"Ni salamu, mzee," mjomba alisema, akivimba kichwa. "Wanasalimia rangi."

"Nimetahini madereva maisha yangu yote. Sijaona dereva anayesalimia rangi."

"Ni seramiki, mzee."

Pikipiki ikapita ubavuni, ikapiga honi, na mwendeshaji akainua dole gumba. Mjomba akamrudishia dole gumba. Kwenye kiti cha nyuma Kitimbi alizama mpaka akabaki macho tu.

Nyumbani Mama na Nesi walikuwa wamesimama barazani. Mzee alishuka, akawaitikia salamu, lakini hakuelekea mlangoni. Alilizunguka gari. Aligusa boneti kwa kidole, akakitazama kidole, akaridhika. Akapita ubavuni. Akafika nyuma, akasimama.

"Piga honi," alisoma.

Mjomba akaja mbio. Alitazama maandishi, akatazama mahali palipokuwa na stika, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona gari likirudi nyuma bila dereva.

"Ni mimi," Kitimbi alisema. Sauti ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Nilidhani itafutika. Juu ilikuwa imeandikwa 'mwenye gari anatafuta mke'. Hiyo nimefanikiwa kuifuta."

"Hiyo ilistahili kufutwa," Nesi alisema. "Mke yupo hapa."

Mama alifunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. Mzee hakucheka. Aliinama, akavaa miwani.

"Na huyu mwenye kichwa?"

Mjomba alirekebisha tai.

"Ni mimi, mzee. Kanichora huyu, akiwa mdogo."

"Wewe!" Mama alisahau wageni. "Si uliniambia ulikwaruza getini?"

"Nilikwaruza, dada."

"Hilo geti lina mkono wa kuchora!"

"Ngoja, mama," mzee alisema. Akamgeukia mjomba. "Umelipa fundi gari lote ling'ae, ukamzuia hapa. Kwa nini?"

Mjomba alivitazama viatu vyake.

"Ndiyo picha pekee niliyowahi kuchorwa, mzee."

Mzee akavua miwani.

"Hiyo dawa ni nzuri," alisema. "Kwa mtu anayeosha gari lake mwenyewe, itamsaidia. Kwa anayetaka kusifiwa barabarani, angenunua kofia. Wewe niliwahi kukufelisha, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee. Kwa kutabasamu."

"Hapana. Ulitabasamu, lakini nilikufelisha kwa kuondoka bila kuangalia nyuma." Akaigonga ile PIGA HONI kwa fundo la kidole. "Leo pia umeondoka bila kuangalia nyuma." Akaanza kuelekea barazani, akimpita mjomba aliyekuwa amekauka kama mti. "Chai iko wapi? Safari ilikuwa na kelele."

Nesi ndiye aliyeelewa kwanza. Alimfinya mjomba mkono, akamnong'oneza, "Ameomba chai," na mjomba akatabasamu mpaka masikioni, hata mtu angemlinganisha na yule wa kwenye buti asione tofauti, ila miguu.

Hukumu ya Kitimbi ilisomwa jioni: kuosha gari likizo nzima. Mbele haikuwa kazi. Alimwaga ndoo, maji yakajikusanya, yakateleza na vumbi lake, na hata Mama, aliyekuwa akichungulia dirishani, alikiri kwamba pengine kale kadawa kana maana. Nyuma ndiko kulikomchukua muda. Alimwosha yule mtu kwa kitambaa laini, bila kukandamiza, kichwa kwanza, kisha ile mikono mirefu. PIGA HONI ilikuwa imefifia, imebaki kivuli.

Mjomba alikuja na stika mpya. Aliiangalia, akaangalia buti, akairudisha mfukoni.

"Asante, mjomba," Kitimbi alisema, bila kuinua kichwa.

"Ya nini?"

"Ya geti."

"Geti gani?" mjomba alisema, akaondoka haraka kwenda kuangalia boneti.