Makaburi Kumi na Moja Ng'ambo ya Mto

Mkalimani alikuwa amechoka hadi kwenye kucha. Ilikuwa siku ya tatu ya mkutano wa askari wa zamani wa nchi mbili zilizopigana miaka arobaini nyuma, na tangu asubuhi kinywa chake hakikupumzika. "Urafiki wetu ni imara," alitafsiri. "Ujirani mwema," alitafsiri. Maneno yale yale, kama nguo iliyofuliwa hadi ikapauka.

Kisha akasimama mzee mmoja wa upande wa pili, fundi saa, koti likimpwaya. Hakushika karatasi. Alisema kwa lugha yake, na mkalimani, kama kazi inavyotaka, akayatamka maneno hayo kana kwamba ni yake:

"Mimi ndiye niliyelipua daraja. Nilisubiri malori matano yafike katikati."

Kaka yake mkalimani alikuwa katika lori la tatu.

Ukumbi mzima ukamtazama. Akanywa maji, akaendelea, maana mzee naye aliendelea: "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilishangilia." Hilo la mwisho angeweza kulimeza, nani angejua? Hakulimeza.

Wakati wa chai alimfuata dirishani.

"Mzee, kaka yangu alikuwa kwenye malori yale."

Mzee akaweka kikombe chini, chai ikamwagika. "Mlimpata?"

"Hatukupata hata kiatu."

"Wengine mto uliwaleta kwetu," alisema taratibu. "Kumi na moja. Tuliwazika, majina hatukuyajua. Nikipata nguvu huwa naenda kupalilia."

Hakuomba radhi. Mkalimani naye hakuitaka. Alikuwa ametafsiri radhi nyingi mno tangu juzi.

Jioni alimweleza mama yake. Bibi huyo akamgeukia binti yake.

"Nitafutie viatu vyangu vya kutembelea."

"Mama, huenda hayumo."

"Mwanangu, kutojua kumenichosha kuliko safari yoyote."

Mwezi uliofuata wakavuka mpaka. Mzee aliwapokea kituoni, akawaongoza bila maneno mengi. Makaburi yalikuwa kumi na moja kweli, yamejipanga kando ya shamba, yote sawa, magugu hadi magotini. Mama hakubahatisha lipi ni la mwanawe. Aliomba jembe, akaanzia la kwanza. Mzee akaanzia la mwisho. Binti akang'oa kwa mikono, mgongo ukimuuma, akisonga huku na huku kati yao.

Walipalilia saa nzima. Walipokaribiana, mama akanyoosha kidole.

"Hapo umeruka."

Binti akatafsiri. Mzee akarudi, akainama kwa shida, akang'oa magugu aliyoyaacha.

Mama akamtazama anavyohema.

"Mwambie akae, anywe maji," alisema. "Asije akatufia hapa, tukapata wa kumi na mbili."

Binti alisita, kisha akatafsiri lote, neno kwa neno. Mzee akaketi kwenye nyasi, akapokea chupa.