Tonton Urbain Alipokuwa na Miaka Saba

Siku ya Alhamisi, tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 2025, saa nane mchana, Augustine alimfikisha semeki yake Urbain, kaka wa marehemu mume wake, kwa Mama Claire wa Mangobo. Mama Claire hutibu kwa kusikiliza, watoto kwa wakubwa. Mtoto huchora, mkubwa hulala juu ya mkeka na kusema lolote linalomjia, naye Mama Claire huketi nyuma ya kichwa chake bila kumhukumu.

Mgonjwa alikuwa Mamie, binti wa Augustine, mwenye miaka minane. Tangu baba yake afariki, alikuwa akipiga kelele usingizini. Urbain, ami yake, au tonton kama Mamie alivyomwita, aliyerithi nyumba pamoja na neno la mwisho ndani yake, alisema mtoto ni ndoki, yaani mchawi: toleka lake, baiskeli ya kubebea abiria, lilikuwa limepasuka gurudumu mara tatu katika juma moja. Jumapili angempeleka kwa pasta akatiwe pilipili machoni ili uchawi umtoke. Mama Claire aliomba Urbain mwenyewe alale kwanza.

“Bon,” Urbain alicheka akivua viatu, “mi mutu muzima nilale muchana kama mutoto?”

“Mulale tu, papa.”

Alilala. Akaanza kupungua kutoka miguuni, kama wapunguavyo watu wazima wote juu ya mkeka ule, hadi akafikia umri ulioumia. Mama Claire alimtolea kaptula kutoka sanduku la nguo ndogo. Majuma matatu kabla, Augustine mwenyewe alikuwa na miaka minne kwa dakika arobaini, kisha akarudi ukubwani kwa wakati wa kwenda kuuza pondu, majani ya muhogo, sokoni.

Leo Augustine hakuweza kukaa. Alitoka kwenye benchi la nje hadi kwenye pazia la mlango, akarudi, akaenda tena, huku akikaza kitenge ambacho hakikuwa kimelegea.

“Mi hapana ndoki,” alisema Urbain wa miaka saba, akifikicha macho. “Balinitia pilipili.”

“Nani alikutia?” aliuliza Mama Claire.

“Mama. Pasta alimwambia.”

Mamie, aliyekuwa akichora kando ya mkeka, aliacha penseli, akalowesha pindo la gauni lake katika kikombe cha maji, akamfuta.

“Hapana fikicha, tonton. Itazidi kuuma.”

“Puliza.”

Mamie akapuliza, jicho moja, kisha la pili.

Nyuma ya pazia, Augustine alisimama tuli. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung’ongo hushtuka. Naye aliwaamini wahenga: aliyewahi kutiwa pilipili hangemtia mtoto.

Saa tisa kamili Urbain alirudi ukubwani, na kaptula ikapasuka mshono. Mama Claire aliitenga ili ishonwe. Urbain alivaa viatu, akashukuru, akasema kifua kimekuwa chepesi.

“Basi, semeki,” aliuliza Augustine, “Jumapili Mamie anabaki?”

“Anabaki namna gani? Mi balinitia pilipili, na leo mi iko mutu. Naye atakuwa mutu.”

Mama Claire alimwandikia miadi ya Alhamisi inayofuata. Urbain aliipokea kwa mikono miwili.

Jumapili asubuhi alimshika Mamie mkono, wakaondoka. Augustine aliwafuata hadi mlango wa kanisa, ambako aliambiwa angoje nje. Alitembea kando ya ukuta, akaenda, akarudi, mpaka aliposikia sauti ya mtoto wake.

Wewe uliyesoma habari hii, msomee mtu mmoja asiyejua kusoma, umwombe naye aisimulie nyumbani kwake kabla ya Jumapili.